Asili ya Jina la Ukoo "Ma" katika Uchina

Kwa desturi ya Wachina jina la ukoo hutangulia, na jina la mtu mwenyewe hufuata. Hapa twataka kulitazama moja katika hayo majina ya ukoo, nalo ni Ma, ambalo huandikwa kwa alama ile ile ya neno farasi. Mtu aweza kudhani kwamba wazee wa ukoo huu walikuwa wafugaji wa farasi. Lakini habari za kale zatuonyesha njia nyingine.

Katika karne ya 3 K.K. palikuwa na jemadari wa nchi ya Zhao, jina lake Zhao She. Alipoyashinda majeshi ya Qin huko Yanyu, mfalme wake alimheshimu kwa kumwita Bwana wa Mafu. Wazao wake waliishika heshima ile iwe jina, kisha wakalifupiza, likabaki Ma. Kwake huhesabiwa nasaba ya Ma Yuan, jemadari wa enzi ya Han, aliyekufa mwaka wa 49 B.K., na ya Ma Rong (79–166), mwalimu na mfasiri wa vitabu vya kale, aliyemfundisha Zheng Xuan mashuhuri.

Walakini si kila Ma ni mzao wa Zhao She. Wengi wa Wahui, yaani Waislamu wa Uchina, walilitwaa jina hili kwa kuwa lalingana na sauti ya jina la Muhammad. Katika hao alikuwa Ma He, aliyezaliwa Yunnan mwaka wa 1371, ambaye baba yake na babu yake waliitwa Haji. Majeshi ya Ming yalipoitwaa nchi ile, mtoto huyu alitekwa, akahasiwa, akatiwa katika utumishi wa mwana wa mfalme. Mwana huyo alipokwisha kutawala kwa jina la Yongle, alimpa mtumishi wake jina jipya mwaka wa 1404. Ndiye Zheng He, amiri wa merikebu zilizofika hata pwani yetu. Lakini katika maandishi ya kaburi la baba yake, yaliyotungwa mwaka wa 1405, mzee yule angali Ma.

Basi jina moja limepatikana kwa heshima ya vita na kwa dini, tena limeondolewa kwa amri ya mfalme. Kwa hiyo sisi tukusanyao habari za koo tusitosheke na maana ya neno, wala tusidhani kwamba wenye jina moja ni wa damu moja. Yatupasa kuwauliza wazee: jina hili mlilipewa na nani, na kabla yake mliitwaje?