Msitu wa Karura na Majirani Zake

Mhariri ameniomba niandike habari ya historia itakayowafaa wazee wenzangu wa shule pamoja na vijana walio madarasani hivi sasa. Nimechagua Karura, kwa kuwa kazi yangu serikalini ni ya mafaili ya ardhi, na mara kwa mara hunijia kijana kuniuliza kwa nini wananchi hupinga ujenzi ilhali nyumba hazitoshi. Swali hilo si la kipuuzi.

Msitu wa Karura, kaskazini ya Nairobi, una hekta zipatazo 1,000, nao ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Umepakana na Muthaiga, Gigiri na Runda, mitaa ya wenye nafasi, na vilevile na kijiji cha Huruma, ambako wengi huishi kwa kibarua.

Mwaka 1998 ilifichuka kwamba sehemu za msitu zimekwisha kugawiwa watu binafsi wajenge majumba ya fahari. Wenyewe hawakujulikana: waliandikwa kwa majina ya makampuni, na orodha ilipofikishwa Bungeni makampuni hayo yalizidi 60. Mimi niseme kama mtu wa ofisini. Ardhi ya umma ikiisha kupitia mikono miwili mitatu, kila mmoja akimwuzia mwenziwe, yule wa mwisho husema amenunua kwa haki, na huenda hasemi uwongo. Majirani wakichelewa hujikuta wakipigana na karatasi, na mgawaji mwenyewe hayupo.

Marehemu Profesa Wangari Maathai na Green Belt Movement hawakuchelewa. Mwaka 1989 walikwisha kulipinga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park, nalo halikujengwa. Safari hii walianza kwa barua, kisha wakaingia msituni na miche. Oktoba 1998 mitambo ya wajenzi ilichomwa moto. Kuchoma mali sikusifu hata leo, ingawa nakiri kwamba moshi ule ulisomwa upesi kuliko barua zote.

Sisi tulikuwa kidato cha tatu. Gazeti la maktaba lilikuwa moja, na likifika kwetu limekwisha kupita kwa walimu na viranja, pembe zimejikunja. Ndimo tuliposoma, Januari 1999, kwamba tarehe 8 Profesa alikwenda na wabunge na waandishi wa habari kupanda mti, wakavamiwa na kundi la wanaume wenye silaha. Alipasuliwa kichwa. Alikwenda kituo cha polisi, akatia sahihi mashtaka yake kwa damu yake mwenyewe. Bweni zima lilinyamaza. Baadaye wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana, wakapambana na polisi.

Tarehe 16 Agosti 1999 Rais Moi alitangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Wengi hudhani mambo yaliishia hapo. Tangazo lilizuia ugawaji mpya. Hatimiliki za zamani halikuzifuta. Ilibidi ije Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 na kutoa ripoti mwaka 2004, kueleza jinsi ardhi ya umma ilivyotolewa kinyume cha sheria nchi nzima. Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyowapa majirani nafasi ya kuusimamia msitu pamoja na serikali. Chama chao, Friends of Karura, kilisaidia kuuzungushia ua wa umeme, kwani zamani hata polisi walisita kuingia humo.

Sasa yule kijana na swali lake. Nyumba zilizokusudiwa Karura hazikuwa za mtu asiye na nyumba. Mkazi wa Huruma asingepata hata chumba kimoja humo, na kuni pia angezikosa. Leo baadhi ya walinzi wanaozunguka msitu huo ni vijana wa Huruma. Mwanafunzi atakayekwenda huko kwa somo la Jiografia na azungumze nao kwanza, ndipo afungue ramani.