KILIMIA, NYOTA ZA MKULIMA

Fungueni daftari zenu. Leo tutasoma habari za kalenda iliyotumika kabla ya kalenda ya ukutani.

Wazee wetu walijuaje wakati wa kupanda? Walitazama juu. Liko fungu dogo la nyota liitwalo Kilimia. Jina hili latokana na neno kulima. Wazulu, walio mbali huko Afrika ya Kusini, huliita isiLimela, kwa asili hiyo hiyo. Basi jina hili ni la kale sana.

Majirani zetu wafugaji walizitazama nyota hizo pia. Mwaka 1905 Mwingereza A. C. Hollis alichapisha kitabu juu ya Wamasai. Aliandika kwamba kwao nyota hizi sita hufuatana kama ng'ombe. Zilipotoweka, walijua kwamba mvua kubwa imekwisha.

Kwa nini zitoweke? Hapa Kikatiti, mwishoni mwa Aprili, Kilimia huonekana chini magharibi jua likisha kutua, upande wa Mlima Meru. Mwezi wa Mei hakionekani, kwa kuwa kiko upande mmoja na jua, na mwanga wa jua hukificha. Mwezi wa Juni hurudi mashariki kabla ya mapambazuko.

Mtoto aliyeambiwa habari za ng'ombe hakusahau, maana ng'ombe aliwajua. Na ilimpasa akumbuke, kwani mwenye kuchelewa kupanda alivuna njaa.

Nasi tuwafundishe watoto hivyo. Chukua mfuniko wa kopo kuukuu. Kwa msumari, toboa vitundu sita vilivyokaribiana, kwa umbo la upawa mdogo wenye mpini mfupi. Usiku mtoto aushike mbele ya taa, vitundu vitang'aa. Kisha toka naye nje akitafute Kilimia chenyewe. Mwezi wa Desemba hupanda mashariki jioni.

Lakini mwambie kweli: nyota hazileti mvua. Kilimia hushika tarehe yake kila mwaka. Mvua yaweza kuchelewa.

Maswali:
1. Jina Kilimia latokana na neno gani?
2. Kwa nini hakionekani mwezi wa Mei?
3. Muulize mzee wa kwenu nyota hizi zaitwaje kwa lugha yake. Andika jina hilo daftarini, lisije likapotea pamoja naye.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.