Keki ya Jibini Chini ya Mlima Hanang

Wenzangu wa mjini, mkisikia keki ya jibini najua mnawaza ile ya hotelini, kipande chembamba kama mche wa sabuni unaoelekea kwisha, na bei yake ni nauli ya wiki nzima. Mimi nimeioka Katesh, kwenye jiko la mkaa, mlima Hanang ukinichungulia dirishani. Nilichotaka kilikuwa kitu kidogo tu, kumfurahisha bibi anayetuletea maziwa.

Si bibi yangu wa damu. Ni mama mtu mzima wa Kibarabaig, wale ambao wengi huwaita Wamang'ati, jina wasilolipenda kwa kuwa linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya adui. Tangu niko shule ya msingi anakuja nyumbani asubuhi. Zamani alibeba kibuyu, siku hizi galoni la plastiki. Namwamkia, ananiitikia, anapima maziwa, anaondoka. Maongezi marefu hatuna.

Wazo la keki nililipata kitabuni. Sinema zimetudanganya kwamba hii ni keki ya Wamarekani. Wagiriki wa kale waliila, na Mroma mmoja, Cato, aliiweka kwenye kitabu chake cha kilimo yapata mwaka 160 kabla ya Kristo. Mzee huyu alikuwa mwanasiasa mkali na bahili kweli kweli. Kitabu kinahusu mizeituni, mizabibu na namna ya kuwafanyisha kazi watumwa, halafu ghafla, katikati ya hayo, anakupikia! Keki moja anaiita savillum: nusu ratili ya unga, ratili mbili na nusu za jibini, robo ratili ya asali, yai moja. Paka mafuta chombo cha udongo, mimina, funika kwa kifuniko cha udongo. Angalia sana katikati, palipo na kina zaidi, paive. Ikiiva ipake asali, nyunyizia mbegu za mpopi, iliwe kwa kijiko.

Nilicheka peke yangu. Warumi waliweka makaa juu ya kifuniko namna hiyo, na hiyo si ndiyo kupalia? Mama yangu anaoka hivyo hivyo, moto chini na makaa juu ya sinia, na hajawahi kumsikia Cato.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Waingereza waliiandika kwenye kitabu cha mapishi cha jumba la mfalme wao karibu na mwaka 1390, wakitia na maua. Katika miaka ya 1870 mfanyabiashara wa maziwa William Lawrence, wa Chester katika jimbo la New York, alianza kutengeneza jibini laini la krimu, na tangu 1880 likauzwa kwa jina la Philadelphia, mji ambao halikutengenezwa. Keki ya hotelini imetoka huko. Sisi jibini hilo hatuna, lakini maziwa tunayo, na Cato hakuwa na Philadelphia.

Basi nilichemsha lita 3, nikatia maji ya ndimu hadi yakakatika, nikachuja kwa kitambaa safi na kuning'iniza usiku kucha. Nilipata jibini zaidi kidogo ya gramu 400. Nikalitwanga hadi likalainika, nikaongeza unga vijiko 8 vya kulia, asali ya Mbulu vijiko 2, yai moja. Sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye mchanga, sinia juu, makaa mengi juu na machache chini. Ya kwanza iliungua pembeni na katikati ikabaki uji. Mzee Cato alishanionya, kiburi changu tu. Ya pili niliipa saa nzima kwa moto mdogo, ikatoka ya manjano, imeumuka kidogo, inanukia asali. Noma!

Bibi alipokuja nikampa kipande kwenye kisahani.

"Nini hiki, mjukuu wangu?"

"Keki, bibi. Ni maziwa yako, na asali, na unga wa ngano."

Akakishika kisahani bila kula. "Ngano ya wapi?"

"Ya dukani, bibi."

"Sikuuliza ameuza nani."

Nilinyamaza, maana mimi ni mtoto wa ngano. Baba yangu aliletwa Hanang na trekta. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 60 serikali, kwa msaada mkubwa wa Kanada, ilifungua mashamba ya ngano yaliyosimamiwa na shirika la umma la NAFCO: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd, Warret. Mashamba saba, karibu ekari 100,000. Taifa lilitaka mkate, na baba anasema kombaini zikianza kuvuna ulikuwa unajiona uko nchi nyingine. Sare yake ya kazi bado ipo sandukuni.

Lakini ekari zile zilikuwa malisho ya Wabarabaig, tena yale mazuri ya bondeni. Katika madai yao wamo na makaburi ya wazee, yale ya vichuguu vya heshima, yaliyopitiwa na plau. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki, mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua. Charles Lane aliandika kitabu kizima juu ya malisho hayo, Pastures Lost, 1996. Wakanada waliondoka miaka ya 90, na mashamba yakaja kubinafsishwa. Haya yote niliyasoma nikiwa mkubwa. Nyumbani kwetu ngano ilikuwa ni ada ya shule, basi. Na bibi hakuwahi kunisimulia lolote, wala mimi sikuwahi kumuuliza ng'ombe wake walikuwa wakilisha wapi.

Nikaingia ndani kuuchukua mfuko wa unga. Umeandikwa kiwanda cha Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya ngano inayosagwa nchini huja kwa meli kutoka nje, kwa hiyo huenda unga ule haukuwa hata wa Hanang. Nilirudi kumweleza hivyo.

Aliusikiliza Uswahili wangu wote wa meli na bandari. Halafu akauliza, "Kwa hiyo hata ngano yenyewe haipo?"

"Ipo, bibi. Si ya kutosha."

Akakaa kwenye kigoda, mara ya kwanza kukaa kwetu. Akaomba kijiko. Alikula kwa utaratibu, akianzia katikati, akaacha ukingo ambao unga umeshikana.

"Maziwa yangu umeyaharibu kwa ndimu," alisema akinirudishia kisahani. "Kesho nitakuletea yaliyoganda kwenye kibuyu. Uwe na nafasi, ukae."