Mayflower: Karatasi ya 1622 ilivyofichua siri ya watoto wanne waliosafirishwa Marekani bila wazazi

Utaanzia wapi kutafuta ukoo wa mtu aliyevuka bahari miaka 400 iliyopita, akiwa mtoto, bila baba wala mama, huku hakuna cheti cha kuzaliwa wala pasipoti?

Wapo Wamarekani wengi wanaojiuliza swali hilo kuhusu mababu zao. Mfano mmoja mzuri wa namna kazi hiyo inavyofanyika ni wa Richard More, aliyepanda meli ya Mayflower mwaka 1620 akiwa na miaka mitano tu.

Mayflower ilikuwa nini?

Ni meli iliyoondoka Plymouth, Uingereza, Septemba 1620 ikiwa na abiria 102. Novemba ilitia nanga Cape Cod, eneo ambalo leo ni jimbo la Massachusetts. Baadaye abiria walianzisha koloni walilolipa jina la Plymouth pia.

Miongoni mwao kulikuwa na watoto wanne wa tumbo moja: Ellen (8), Jasper (7), Richard (5) na Mary (4). Hawakuwa na ndugu mkubwa wa kuwaangalia, hivyo waligawanywa kwa familia tatu kama watumishi. Ellen alipewa Edward Winslow, Jasper akaenda kwa John Carver, Richard na Mary wakachukuliwa na William Brewster.

Majira ya baridi ya kwanza yaliua karibu nusu ya abiria. Jasper alifariki Disemba 1620, na dada zake wawili hawakuiona mwisho baridi ile. Akabaki Richard peke yake.

Kwa miaka mingi watu waliamini hawa walikuwa yatima waliookotwa mitaa ya London. Kumbe sivyo kabisa.

Hatua ya kwanza: alisema nini mwenyewe?

Watafuta nasaba wana kanuni moja rahisi: anza na unachokijua kwa uhakika, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua. Usianze na mfalme au lodi mwenye jina linalofanana na lako.

Kwa Richard, kianzio kilikuwa ushahidi wa kiapo alioutoa mwaka 1684 akiwa mzee mjini Salem. Alieleza kuwa ana miaka 70 hivi, na kwamba mwaka 1620 alikuwa London nyumbani kwa Thomas Weston, mfanyabiashara wa vyuma, na kutokea hapo ndipo alisafirishwa kwenda New Plymouth.

Sentensi hiyo moja ina mambo mawili makubwa. Kwanza umri: mtu wa miaka 70 mwaka 1684 alizaliwa kama 1614. Pili Weston, ambaye ndiye aliyekusanya fedha za wawekezaji wa safari ile. Kwa hiyo mtoto huyu hakuokotwa njiani, kuna mtu alimpeleka pale kwa mpango.

Hatua ya pili: daftari la kanisa

Enzi hizo serikali ya Uingereza haikuandikisha vizazi. Kazi hiyo ilifanywa na kanisa la kijiji, lililoandika ubatizo, ndoa na maziko.

Mwanzoni mwa karne ya 20, watafiti walilinganisha maelezo ya Richard na daftari la kanisa la Shipton, kijiji cha Shropshire karibu na mpaka wa Wales. Humo alikutwa Richard More aliyebatizwa Novemba 13, 1614. Jina moja na mwaka mmoja vingeweza kuwa bahati tu. Lakini daftari hilohilo lilikuwa pia na Ellen (1612), Jasper (1613) na Mary (1616). Majina manne, kwa mpangilio uleule, si jambo la bahati.

Hapa inabidi uwe makini na tarehe. Kabla ya 1752, mwaka mpya Uingereza ulianza Machi 25, sio Januari 1. Ndoa ya wazazi wa watoto hawa ilifungwa Februari 4, mwaka ambao kwa hesabu yao ulikuwa bado 1610, lakini kwa hesabu yetu ni 1611. Usipolijua hili unaweza kukataa rekodi sahihi ukidhani si ya mtu wako.

Sasa ishu ikawa nyingine. Daftari linamtaja baba kuwa Samuel More, mtu wa familia yenye ardhi na heshima. Familia yenye uwezo iwatoe watoto wanne wakawe watumishi ng'ambo, tena mdogo wao ana miaka minne? Kwa nini?

Hatua ya tatu: karatasi iliyojificha miaka 337

Jibu lilipatikana mwaka 1959. Jasper More, wa ukoo wa Samuel, alipekua nyaraka za zamani za familia na kukuta maelezo ya Samuel ya mwaka 1622. Mtaalamu wa nasaba Anthony Wagner aliyachapisha mwaka uliofuata.

Kwa kifupi, mambo yalikuwa hivi. Samuel aliozwa kwa binamu yake Katherine More akiwa kijana wa miaka kama 17, na Katherine alikuwa mkubwa kwake. Ndoa ilipangwa na wazee ili mali ya Larden ibaki ndani ya ukoo. Baadaye Samuel alipata kazi London na muda mwingi hakuwepo nyumbani.

Mwaka 1616 alitangaza kuwa watoto wote wanne si wake, bali ni wa Jacob Blakeway, mwanaume wa jirani. Sababu mojawapo aliyoitoa ni kwamba watoto walifanana na Blakeway. Akawachukua kwa mama yao na kuwaweka kwa mpangaji wa ardhi ya baba yake.

Katherine hakukaa kimya. Maandishi ya Samuel mwenyewe yanaonyesha kuwa alikwenda mara kwa mara pale watoto walipofichwa kujaribu kuwachukua, na alipigana pia mahakamani. Alishindwa.

Kiangazi cha 1620 watoto walipelekwa London kwa Weston. Makubaliano yalikuwa walishwe na wavishwe kwa miaka 7, kisha kila mmoja apewe ekari 50 za ardhi.

Mwaka 1622 Katherine alipeleka malalamiko kwa Jaji Mkuu, James Ley, akitaka kujua watoto wake wamefanywa nini. Karatasi iliyokutwa 1959 ni majibu ya Samuel kwa malalamiko hayo. Wakati mama anauliza, watatu kati ya wanne walikuwa wamekufa zaidi ya mwaka mmoja kabla.

Usiamini kila kilichoandikwa

Kisa hiki pia kinaonyesha mitego ambayo wanaofuatilia ukoo hukutana nayo.

*Mashuhuda nao hukosea.* Gavana William Bradford, aliyeishi na watoto hawa Plymouth, aliandika orodha ya abiria miaka kama 30 baadaye. Mtoto aliyekuwa pamoja na Richard kwa Brewster amemwandika kama ndugu wa kiume, wakati alikuwa Mary.

*Kaburi linaweza kudanganya.* Jiwe la kaburi la Richard bado lipo Salem. Maneno yaliyoongezwa juu yake baadaye yanasema alifariki 1692, lakini nyaraka zinamwonyesha akiwa hai baada ya mwaka huo.

*Maelezo ya upande mmoja ni ya upande mmoja.* Karibu kila tunachojua kuhusu Katherine kinatoka kwa mume aliyetaka kujitetea. Madai kwamba Blakeway ndiye baba ni hoja ya Samuel. Daftari la kanisa linamtaja Samuel.

*Babu yako si lazima awe malaika.* Richard alikuwa nahodha, akasafiri sana. Mwaka 1636 alimwoa Christian Hunter huko Plymouth na kupata naye watoto saba. Rekodi za Stepney, London, zinaonyesha Richard More, baharia wa Salem, akifunga ndoa na Elizabeth Woolno mwaka 1645. Christian alikuwa bado hai Salem. Yaani wake wawili, bahari katikati.

Leo inafanyikaje?

Jumuiya ya wazao wa abiria wa Mayflower, iliyoanzishwa 1897, haipokei mtu kwa hadithi za bibi peke yake. Anayeomba uanachama anatakiwa kuthibitisha kwa nyaraka kila kizazi, kuanzia kwake hadi kwa abiria. Kiungo kimoja kikikosekana, mnyororo umekatika.

Rekodi nyingi siku hizi zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni. FamilySearch, kwa mfano, inatumika bure hata kwenye simu. Ila kuna kosa ambalo wengi hulifanya: kunakili mti wa ukoo uliotengenezwa na mtu mwingine bila kuangalia rekodi yenyewe. Ukinakili kosa, unalirithisha.

Wataalamu wameendelea kuufuatilia ukoo wa Katherine na kuufikisha hadi kwa wafalme wa zama za kati wa Uskoti. Mtoto aliyedhaniwa kuwa wa mtaani, upande wa mama alikuwa na damu ya kifalme.

Kanisa la Shipton bado limesimama, na ndani kuna kibao cha kuwakumbuka Ellen, Jasper, Richard na Mary. Ni kanisa lilelile walikobatizwa, wakati bado wakiishi na mama yao.