Shaba ya Kaa, Chuma cha Binadamu

Mji wa Singida uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kando ya maziwa mawili ya maji chumvi, Singida na Kindai. Maji ya aina hiyo yakipigwa na jua hubakiza oksijeni kidogo, kwa kuwa joto na chumvi vyote huipunguza. Swali la jinsi damu inavyoinasa gesi hiyo, basi, si la watu wa pwani pekee. Tumezoea kudhani kwamba damu nyekundu ndiyo damu kamili, na damu za rangi nyingine ni hatua za chini zilizoachwa nyuma. Historia ya sayansi inaonyesha vingine: protini ya damu hupimwa kwa mazingira yake, si kwa cheo.

Mwaka 1878 Mbelgiji Léon Fredericq alichunguza damu ya pweza, akaona inageuka buluu ikikutana na hewa. Protini aliyoikuta aliiita hemosianini. Kaa naye anayo yenye jina hilo, ingawa ya kwake ina chimbuko tofauti. Maana yake koo mbili za wanyama zilifikia matumizi ya shaba kila moja kwa njia yake. Atomi mbili za shaba huibana molekuli moja ya oksijeni katikati yao, ndipo buluu hujitokeza. Oksijeni ikishatolewa kwenye misuli, rangi hufifia. Protini hiyo haikai ndani ya chembe kama hemoglobini yetu, bali huelea katika umajimaji wa damu.

Mpinzani atasema kwamba damu yetu hubeba oksijeni nyingi zaidi kwa ujazo uleule. Ni kweli, lakini sisi huunguza chakula kingi ili mwili ubaki na joto, mzigo ambao kaa hana. Tena, kama hemoglobini ingekuwa daraja la juu, isingepatikana kwa ndugu wadogo wa kaa. Katika miaka ya 1940 mwanasayansi Munro Fox alionyesha kwamba viroboto wa maji, ambao ndio ndugu hao wa kaa, huitengeneza kwa wingi, hata wakawa wekundu, maji yao yanapopungukiwa oksijeni.

Hemoglobini ya binadamu nayo ina alama za mahali. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki, na mwaka 1954 akaeleza kwamba kinasaba cha selimundu, kinachobadilisha hemoglobini, kimeenea palipo na malaria nyingi, kama kandokando ya Ziwa Victoria, kwa sababu anayekirithi kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Katika nyanda kavu za kati, ilipo Singida, mbu ni wachache kuliko huko, na faida hiyo hupungua.

Wapo watakaouliza itakuwaje kitu kinacholeta ugonjwa kiitwe faida. Jibu ni kwamba faida ni ya aliyekirithi kwa mzazi mmoja tu; anayekirithi kwa wazazi wote wawili huugua, na hakuna ramani inayomfuta mtoto huyo. Watu huhama na damu zao: mtoto anayezaliwa Singida kwa wazazi waliotoka Mwanza hubeba historia ya malaria ya kule. Ndiyo maana kipimo cha selimundu kwa watoto wachanga kiwafikie wa Singida pia, badala ya kuachiwa mikoa yenye mbu wengi.