Macho ya Mtoto na Kitabu cha Madaktari

Mwaka 1902, daktari George Still aliwahutubia wenzake katika Chuo cha Kifalme cha Matabibu, London, akawaeleza habari za watoto 43 waliowashinda wazazi na walimu. Walikuwa wakorofi, hawatulii, na wengi wao hawakuweza kushikilia jambo moja kwa muda. Still aliona kasoro iko katika kujitawala kimaadili. Leo sehemu kubwa ya maelezo yake ingewekwa chini ya jina la ADHD, yaani hali ya upungufu wa umakini na utukutu.

Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alikuja na habari nyingine mwaka 1943. Watoto aliowaeleza walikuwa 11. Walijitenga na watu, lakini kitu kidogo tu kikihamishwa chumbani waliking'amua na kuhamaki. Hali hiyo ndiyo usonji.

Darasani, watoto wa aina hizi mbili waliweza kufanana: mwalimu anaita, mtoto hageuki. Je, sababu ni moja?

Jibu lilianza kutafutwa kwa vipimo vya kutazama. Mwaka 1956 watafiti wa Marekani walitunga jaribio la kuchosha kwa makusudi: herufi zinapita moja moja, na mtazamaji anabonyeza kitufe kila aonapo X. Lilikusudiwa wagonjwa waliodhurika ubongo, lakini Virginia Douglas wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, alilitumia kwa watoto watukutu. Mwaka 1972 akatoa hoja iliyogeuza mjadala: tatizo kubwa la watoto hao ni kudumisha umakini na kujizuia, wala si ule utukutu wenyewe. Kufikia 1980, mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM, uliipa hoja hiyo nafasi ya kwanza katika jina la tatizo.

Upande wa usonji, London ilileta mshangao. Mwaka 1983 watafiti Amitta Shah na Uta Frith waliwapa watoto michoro yenye maumbo yaliyofichwa, kama pembetatu iliyomezwa na mistari ya kigari cha mtoto. Wenye usonji walipata wastani wa 21 kati ya 25. Wastani wa wenzao waliolinganishwa nao haukuzidi 15. Watoto walioitwa wasiozingatia walikuwa wamewapita wengine kwa kuona! Frith alieleza kwamba macho yao hushika sehemu kabla ya kitu kizima. Majaribio ya baadaye hayakukubaliana yote, lakini wazo kwamba usonji ni upungufu mtupu lilikuwa limetikisika.

Mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwaonyesha vijana filamu huku mashine ikifuata mboni zao. Waigizaji walipozungumza, wenye usonji waliangalia macho ya waigizaji hao kidogo sana kuliko wenzao, wakaelekeza mboni zao kwenye midomo, miili na vitu vya pembeni. Basi walikuwa wanatazama, ila walitazama kwingine.

Hapo ndipo ingefaa makundi mawili, la ADHD na la usonji, yawekwe kwenye meza moja. Kikwazo kilikuwa kitabu kilekile. Toleo la DSM la 1994 lilimzuia daktari kumwandikia mtoto mwenye usonji kwamba ana ADHD pia. Watafiti wengi wakafuata mkondo huo, na mtoto mwenye dalili zote mbili mara nyingi aliondolewa kwenye utafiti.

Katazo lilifutwa Mei 2013, toleo la tano lilipotoka. Tangu hapo tafiti zimeweza kulinganisha makundi manne: wenye usonji, wenye ADHD, wenye yote mawili na wasio na lolote.

Kwa hiyo mzazi anayeambiwa leo kwamba mwanawe ana hali zote mbili asidhani daktari anabahatisha. Watoto wa namna hiyo walikuwapo tangu zamani, ila kanuni haikuruhusu kuwaandika hivyo. Naye mwalimu anayempeleka mtoto kwa mtaalamu asiishie kusema “haangalii”. Aeleze mtoto huangalia nini, kwa muda gani, na nini humtoa hapo.