Programu iko sawa, picha iko wapi?

Kila mara mtu huniletea tarakilishi pamoja na kidude cha USB cha kunasa runinga. Programu imewekwa vizuri, dreva ipo, lakini ikitafuta stesheni inapata sufuri. Wengi hulaumu Linux. Mimi nalaumu historia.

Tarehe 9 Desemba 2009 Rais Mwai Kibaki alizindua matangazo ya kidijitali, kwa mfumo wa DVB-T. Miezi mitatu tu kabla ya hapo, Ulaya ilikuwa imechapisha kiwango cha DVB-T2, kinachobeba stesheni nyingi zaidi kwenye masafa yale yale. Baadaye Kenya ikahamia T2. Mwaka 2015 analogi ikazimwa, Nakuru ikiwemo, na watu wakakimbilia ving'amuzi.

Sasa angalia kidude chako. Vingi vya bei nafuu vina chipu ya RTL2832U, ambayo peke yake inasoma DVB-T tu. VLC au Kaffeine haiwezi kuonyesha kile ambacho chipu haikusoma, hata uiweke upya mara kumi. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, soma boksi: lazima liandikwe T2. Na hata hivyo, stesheni za kulipia zitabaki zimefungwa.

Kile cha zamani usikitupe. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba chipu hiyo hiyo inaweza kugeuzwa redio ya tarakilishi. Pakua programu za RTL-SDR, unase FM, hata ishara za ndege zinazopita juu ya Menengai.

Haya, maswali leteni.